Nani wa Kumuuliza Mwenyekiti?

Wilaya ya Kicukiro, katika jiji la Kigali nchini Rwanda, ina mirenge (kata) 10, na tangu mpango wa SACCO za mirenge uanze mwaka 2009, kila murenge umekuwa na chama chake cha akiba na mikopo. Mkazi wa Kabeza, akagari (kitengo cha chini ya murenge) katika murenge wa Kanombe, jirani na uwanja wa ndege, anaweka fedha zake katika ofisi anayoijua, kwa wafanyakazi anaopishana nao njiani, chini ya mwenyekiti ambaye huenda anakaa mtaa wa pili. Serikali imekwisha kuamua kwamba SACCO hizi, 416 nchi nzima, ziunganishwe katika ngazi ya wilaya, na juu yake pawepo benki ya ushirika ya taifa. Mazungumzo ya hadharani yamekuwa ya kompyuta, mtaji na riba, na yote hayo ni mambo ya maana. Lipo hata hivyo swali ambalo halijapewa nafasi inayolistahili. Mwanachama wa Kabeza leo ana haki ya kusimama kwenye mkutano mkuu, mbele ya majirani zake, na kumuuliza mwenyekiti ni akina nani waliopewa mikopo mikubwa na kwa nini haijarudi. Kesho atasimama wapi? Ninachotaka kukitetea hapa ni kwamba kampuni, benki au ushirika huongozwa vizuri pale tu wenye mali wanapokuwa na mazoea ya kuhoji na mahali pa kuhojia, na kwamba mazoea hayo hayazaliwi na sheria ya makampuni. Yanazaliwa katika taasisi za jamii: kikundi cha akiba, ukoo, kanisa na msikiti, mkutano wa umudugudu (kijiji), na namna watu walivyofundishwa kusimama mbele ya mwenye madaraka.

Sheria tunazo. Rwanda iliandika sheria mpya ya makampuni mwaka 2009, ikaiandika upya mwaka 2018, na tena mwaka 2021. Katika orodha ya Benki ya Dunia ya wepesi wa kufanya biashara, nchi iliruka kutoka nafasi ya 143 hadi ya 67 kwa mwaka mmoja, na katika ripoti ya mwaka 2019 ikafika nafasi ya 29, kabla orodha yenyewe haijafutwa Septemba 2021 kwa sababu takwimu za baadhi ya nchi zilichezewa. Wachumi waliotangulia kuunganisha sheria na masoko ya mitaji, La Porta na wenzake, walionyesha kwamba pale mwanahisa mdogo anapolindwa na sheria, masoko ya hisa hukua. Sina ugomvi nao. Lakini soko la hisa la Rwanda lilizinduliwa Januari 2011, Bralirwa na Benki ya Kigali zikaingia mwaka huohuo, na baada ya miaka yote hiyo kampuni za nyumbani zilizoorodheshwa hazijafika 10. Kampuni nyingine zote, maelfu kwa maelfu, ni za mtu mmoja, mume na mke, ndugu watatu, au wanachama wa ushirika. Huko hakuna mchambuzi wa soko anayesoma hesabu, wala bei ya hisa inayoshuka uongozi ukiharibu. Douglass North, aliyepata tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 1993, alieleza taasisi kuwa ni kanuni za mchezo, zilizoandikwa na zisizoandikwa. Katika uchumi kama wetu, zile zisizoandikwa ndizo zinazofanya kazi siku nyingi zaidi za mwaka.

Tuanze na ile iliyo karibu zaidi na watu wa Kabeza, ikimina, yaani kikundi cha akiba. Kenya wanaiita chama, Tanzania ni kikoba au upatu, na mashariki ya Congo ni likirimba. Kuna aina ya kuzungushana, ambapo kila mkutano mmoja anachukua fungu lote, na kuna ile ya kuweka na kukopeshana, iliyoenezwa na mashirika ya maendeleo baada ya kuanzishwa na shirika la CARE nchini Niger mwaka 1991. Hii ya pili inastahili kutazamwa kwa karibu. Watu kati ya 15 na 30 hukutana kila wiki siku ileile, saa ileile, mahali palepale. Kuna sanduku la chuma lenye kufuli tatu, na funguo zake hukaa kwa watu watatu tofauti ambao si mwenyekiti, si mhasibu, si mtunza sanduku. Anayekaa na sanduku nyumbani hawezi kulifungua, na wenye funguo hawana sanduku. Fedha haziingii wala hazitoki ila mbele ya wote. Kila anayeweka akiba anagongewa mhuri katika kitabu chake, na hata asiyejua kusoma anaweza kuhesabu mihuri yake. Mwisho wa mkutano kiasi kilichobaki hutajwa kwa sauti, na wanachama hutakiwa kukikumbuka, kwa sababu mkutano unaofuata utaanza kwa kuwauliza kilikuwa kiasi gani. Aliyechelewa hulipa faini. Aliyekopa akashindwa kulipa haitwi pembeni, suala lake linaletwa mbele ya kikundi. Mwaka ukiisha, fedha zote hugawanywa na kikundi huanza upya, na asiyeridhika huondoka na chake bila kumwomba mtu ruhusa.

Ukiutazama utaratibu huu kwa macho ya mtu aliyewahi kukaa kwenye bodi ya kampuni, utaona kila anachokitafuta. Mamlaka yametenganishwa. Hesabu zinakaguliwa kila wiki na wenye mali wenyewe. Mikopo kwa viongozi haiwezi kufichwa. Mwekezaji mdogo ana njia ya kutoka. Watu wengi husema vikundi hivi vinasimama kwa sababu wanachama wanapendana na kuaminiana. Naona wamegeuza mambo. Wanaaminiana kwa sababu kila wiki fedha zinahesabiwa mbele yao. Katika nchi ambayo mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi ya mwaka 1994 yaliwageuza majirani kuwa wauaji wa majirani, hakuna anayeweza kuwaambia watu waaminiane tu ati kwa kuwa wanakaa mtaa mmoja. Imani ilibidi ijengwe kwa kazi, kwa mambo madogo yanayoonekana na kurudiwa: michango iliyolipwa, deni lililorudi, hesabu iliyolingana. Ndiyo maana nadhani ikimina imefanya kazi ambayo hatujaiheshimu ipasavyo. Imewafundisha mamilioni ya watu, na hasa wanawake, kwamba kuuliza fedha ziko wapi si utovu wa adabu.

Pembeni yake iko taasisi nyingine yenye nguvu kubwa zaidi, nayo ni imihigo. Asili yake ni viapo vya ushujaa vya zamani, na tangu mwaka 2006 mameya wa wilaya wamekuwa wakitia saini mikataba ya utendaji mbele ya Rais wa Jamhuri, kisha mikataba hiyo ikashuka hadi mirenge, utugari na hata kaya. Faida zake zinaonekana. Kiongozi anajua atapimwa, tarehe inajulikana, na anayeshindwa anaonekana. Mashirika ya umma na kampuni nyingi zimeiga mtindo huo. Lakini angalia jibu linaelekea wapi. Anayetia saini anamwahidi aliye juu yake, na ni huyo wa juu atakayempima. Hali hii ikiingia katika chombo kinachomilikiwa na watu wengi, inawazoesha viongozi wake kutazama juu: kwa wilaya, kwa wizara, kwa Benki Kuu, kwa mwekezaji mwenye hisa nyingi. Ripoti zinakamilika, malengo yanafikiwa, na mwanachama anayeketi kwenye benchi la nyuma anabaki msikilizaji. Silaumu imihigo, kwa kuwa kwa kazi ya serikali imefaa sana. Ninachosema ni kwamba jamii inayowajibika kwenda juu pekee itapata kampuni zinazowajibika kwenda juu pekee, hata sheria yake ya makampuni ikisema mkutano mkuu ndio wenye kauli ya mwisho.

Ushahidi mkubwa tulionao wa jambo hili ni historia ya Banques Populaires. Ya kwanza ilifunguliwa mwaka 1975 Nkamba, mashariki mwa nchi, kwa msaada wa Uswisi. Ilikuwa benki ya wakulima, ya ushirika hasa, mwanachama mmoja kura moja. Mfano huo ukaenea hadi kila pembe ya Rwanda, ukavurugwa na mwaka 1994, ukafufuka, na kufikia miaka ya 2000 ulikuwa na wanachama kwa mamia ya maelfu. Mwaka 2008 vyama hivyo viliunganishwa kuwa benki moja ya kibiashara, BPR, na Rabobank ya Uholanzi ikachukua asilimia 35 ya hisa. Wanachama wakawa wanahisa. Mwaka 2016 Atlas Mara, kampuni iliyoorodheshwa London, ikachukua sehemu kubwa, zaidi ya asilimia 60, BPR ilipounganishwa na kitengo cha biashara cha Benki ya Maendeleo. Mwaka 2021 Atlas Mara ikauza hisa zake kwa KCB ya Kenya, na mwaka 2022 ikazaliwa BPR Bank Rwanda ya sasa. Kila hatua ilipita mbele ya msimamizi wa benki, kila hatua ilikuwa na sababu yake ya kifedha, na benki iliyopo leo ni miongoni mwa kubwa nchini. Kwa mizani ya usalama wa akiba, safari hiyo haikuwa ya hasara.

Kwa mizani ya umiliki ilikuwa jambo jingine kabisa. Mkulima aliyekuwa na kura moja sawa na ya mwalimu na ya mfanyabiashara wa kijijini mwake alijikuta na hisa chache katika kampuni yenye mamilioni ya hisa. Kila mtaji mpya ulipoingia, fungu lake lilipungua, kwa sababu hakuwa na fedha za kununua zaidi. Mkutano mkuu uliokuwa wa kwenda kwa miguu ukawa wa mjini. Mwanahisa wa namna hiyo hahitaji kuzuiwa kuhudhuria, umbali na udogo wa hisa zake vinatosha kumfanya abaki nyumbani. Haki zake zote zipo kwenye karatasi, na huenda zimeandikwa vizuri kuliko zilivyokuwa mwaka 1975. Kilichokufa ni ule mkusanyiko wa watu wanaojuana ambao ulimpa nguvu ya kuzitumia. Na tazama kilichotokea mwaka uleule ambao benki ya ushirika iliacha kuwa ya ushirika. Desemba 2008, katika Umushyikirano, mazungumzo ya kitaifa ya kila mwaka, ilikubaliwa kwamba kila murenge uwe na SACCO. Nchi ilikuwa imefunga mlango mmoja, na ndani ya mwaka mmoja ikalazimika kufungua milango 416 mingine.

SACCO hizo zilifanya kazi ambayo wengi hawakuitarajia. Tafiti za FinScope zilionyesha kwamba watu wazima wasio na huduma yoyote ya fedha, rasmi au isiyo rasmi, walikuwa asilimia 52 mwaka 2008, wakashuka hadi 28 mwaka 2012 na 11 mwaka 2016. Simu na vikundi vya akiba vilichangia, ila SACCO ndizo zilizoleta dirisha la benki karibu na shamba na soko. Sheria ya fedha ndogo ya mwaka 2008 na usimamizi wa Benki Kuu viliziepusha na yaliyotokea mwaka 2006, pale taasisi kadhaa za mikopo midogo zilipoanguka na akiba za watu. Hata hivyo zilizaliwa kwa kuhamasishwa kutoka juu. Viongozi wa mitaa waliandikisha wanachama, Serikali ilisaidia gharama za uendeshaji mwanzoni, na mikopo ya mpango wa VUP wa kupambana na umaskini ikapitia humo. Matokeo yake ni kwamba wanachama wengi wanaiona SACCO kuwa benki ya Serikali iliyowekwa karibu yao. Mtu haihoji sana benki ya Serikali, na wala halipi mkopo wake kwa haraka ileile anayolipa mkopo wa ikimina. Mama anayeuza dagaa na mboga katika soko la Kabeza anaweza kuwa mwanachama wa vyombo vyote viwili. Katika kimoja anajua kila faranga, na katika kingine anasubiri kutangaziwa. Ni mtu yuleyule mwenye akili ileile, ila taasisi mbili zimemweka katika nafasi mbili.

Majirani zetu wamelipa ada kubwa kwa somo hili. Nchini Kenya, ambako vyama vya akiba na mikopo vina nguvu kuliko popote Afrika, kashfa kubwa ya miaka ya karibuni iliibuka KUSCCO, muungano wa vyama hivyo ulioanzishwa mwaka 1973. Ukaguzi wa PwC ulifichua upungufu wa shilingi bilioni 13.3, pamoja na hesabu zilizobeba saini ya mkaguzi aliyekwisha kufariki. Jambo la kuzingatia ni mahali ulipotokea wizi huo. Ulitokea ngazi ya juu, ambako wenye fedha hawakuwa watu bali vyama vilivyowakilishwa na viongozi wao, na ambako mwalimu au askari aliyekatwa mshahara wake kila mwezi hakuwa na kiti. Tanzania nayo ilionyesha upande mwingine wa shilingi. Ushirika wa kahawa wa Kilimanjaro, ulioanzishwa na wakulima wenyewe katika miaka ya 1920 na kuwa KNCU mwaka 1933, ulivunjwa pamoja na vyama vikuu vingine mwaka 1976, na mamlaka za mazao za Serikali zikachukua kazi yake. Miaka michache baadaye sheria ya mwaka 1982 ilivirudisha, na Mwalimu Nyerere mwenyewe alikiri kwamba kuvivunja lilikuwa kosa. Vyama vilirudi kwa sheria, lakini wakulima waliozoea kuuliza hawakurudi kwa sheria. Mazoea ya kizazi kizima yalikuwa yamekatika, na ushirika wa Tanzania uliteseka kwa hilo kwa muda mrefu.

Pingamizi la kwanza dhidi ya hoja hii ni zito, nami nalichukulia kwa uzito wake. Watasema: unasifu kujuana, na kujuana ndiko kunakoua kampuni za Afrika Mashariki. Shemeji anaajiriwa, mtoto anarithi kiti asichokiweza, na rafiki wa mwenyekiti anakopa bila dhamana. Nakumatt ilikuwa duka kubwa la familia lenye matawi Kenya, Uganda, Tanzania na hapa Kigali, na ilipofika mwaka 2017 rafu zilikuwa tupu na madeni yamepita shilingi bilioni 30 za Kenya. Imperial Bank ilikuwa na bodi ya watu wanaofahamiana vizuri, na Oktoba 2015 bodi hiyohiyo ndiyo iliyokwenda kuiambia Benki Kuu ya Kenya kwamba imegundua udanganyifu wa miaka mingi, wiki chache baada ya mkurugenzi mkuu kufariki. Haya yote ni kweli. Lakini tazama kilichokosekana. Nakumatt ilikuwa na familia, haikuwa na mtu ndani ya familia mwenye nafasi ya kuhoji maamuzi ya mkubwa na akasikilizwa. Imperial ilikuwa na kila kinachotakiwa na sheria: wakaguzi wa nje, wasimamizi wawili wa Serikali, na hati fungani ya shilingi bilioni 2 iliyopata kibali na kuuzwa kwa umma muda mfupi tu kabla ya benki kufungwa. Ilikuwa na urafiki wa ikimina bila kufuli zake tatu. Kujuana bila kuhesabu mbele ya wote ni hatari, hilo sibishani nalo. Mimi natetea ule muungano wa vitu viwili ambao vikundi vya akiba viliugundua: watu wanaojuana vya kutosha kutambua uongo, na kanuni zinazowalazimisha kuangalia.

Pingamizi la pili ni la ukubwa. SACCO ya murenge mmoja haiwezi kumudu programu nzuri za kompyuta, meneja mwenye ujuzi wa mikopo, wala ukame unaoharibu mazao ya wanachama wake wote kwa pamoja. Nakubali bila masharti. Mitambo iunganishwe, ukaguzi uunganishwe, na akiba ya dharura iwekwe pamoja ili murenge mmoja ukikwama mwingine uuinue. Kicukiro ina watu karibu laki 5 kwa sensa ya mwaka 2022, wakazi wake wengi wanahama kutoka murenge mmoja kwenda mwingine, na hakuna sababu ya mtu aliyehama kutoka Kanombe kwenda Gahanga kuanza upya. Ila kuunganisha mashine na kuunganisha sauti ni mambo mawili yasiyolazimiana. Rabobank hiyohiyo iliyopita Kigali iliunganisha benki zake 106 za mitaa kuwa chombo kimoja Januari 2016, yaani mwaka uleule ambao BPR iliingia mikononi mwa Atlas Mara. Lakini huko kwao walibakiza mabaraza ya wanachama ya mitaa, yenye nafasi katika katiba ya benki. Waliona kwamba benki inaweza kuwa na leseni moja na bado mkulima wa eneo fulani akawa na mahali pa kwenda kuuliza.

Kisha wapo wanaosema, mara nyingi kwa sauti ya chini, kwamba mikutano mikuu ni kupoteza muda kwa kuwa watu hawaji, na wakija hawaelewi hesabu. Huku ni kumdharau mtu kwa kosa lisilo lake. Watu hawaji kwenye mkutano ambao maamuzi yake yalikwisha kufanyika. Vyama vya madereva wa pikipiki wa Kigali vilitufundisha hili kwa uchungu: kwa miaka wanachama walichangia kila mwezi bila kuona manufaa, walinung'unika vijiweni kwa sababu hapakuwa na mahali pengine pa kunung'unikia, na mwaka 2022 Serikali ililazimika kuingilia kati na kuviunganisha vyama zaidi ya 40 kuwa 5. Wale madereva hawakushindwa kuelewa hesabu. Mtu anayejua kila siku amebeba abiria wangapi, ametumia petroli ya kiasi gani na mwenye pikipiki anadai nini, anaelewa hesabu kuliko wengi wetu wenye shahada. Alichonyimwa ni karatasi moja iliyoandikwa kwa Kinyarwanda chepesi, ikionyesha fedha zilizoingia, zilizotoka, na nani alizichukua. Na jibu lililokuja, la kupunguza idadi ya vyama, lilikuwa tena jibu la kutoka juu.

Kuna jambo la heshima pia ambalo haliwezi kupuuzwa. Katika jamii zetu kumhoji mkubwa hadharani ni kitu kizito. Kijana hasimami kirahisi kumuuliza mzee, mwanamke alizoezwa kwa vizazi kumwachia mume suala la mali, na asiye na cheo humwachia mwenye cheo. Sheria inaweza kusaidia hapa, na imesaidia: sheria ya mwaka 1999 iliyowapa mabinti haki ya kurithi sawa na kaka zao, na zoezi la kusajili ardhi lililoandika zaidi ya vipande milioni 10 na kuweka jina la mke kando ya la mume, vilibadilisha nani anaweza kuweka dhamana na hivyo nani anakaa mezani. Huo ndio mfano ninaoupenda kuliko yote, kwa sababu unaonyesha sheria na jamii zikisukumana kuelekea upande mmoja. Sheria ilifungua mlango, ikimina ikamzoesha yule mwanamke kusema mbele ya watu, na leo wako wanawake wanaoongoza bodi za SACCO ambao mama zao hawakuruhusiwa kufungua akaunti bila idhini ya mume. Mtu akidai kwamba utamaduni wetu hauwezi kubeba uwajibikaji wa kampuni, nitamwonyesha hapo.

Kwa hiyo muungano wa Kicukiro usipimwe kwa idadi ya kompyuta zilizowashwa. Kila murenge ubaki na mkutano wake wa wanachama, si kwa hisani ya bodi ya wilaya bali kwa katiba ya chama, na mkutano huo uwe na mamlaka halisi: kuchagua na kumwondoa mjumbe wake kwenye bodi, na kumtaka arudi ndani ya wiki chache kueleza alivyopiga kura. Orodha ya mikopo mikubwa ya viongozi na ndugu zao wa karibu isomwe kwa sauti katika kila murenge, kama kiasi cha sanduku kinavyotajwa mwisho wa mkutano wa ikimina. Kamati ya ukaguzi ichaguliwe na wanachama wasio na mkopo mkubwa, na iwe na haki ya kwenda Benki Kuu moja kwa moja bila kupitia kwa mwenyekiti. Viongozi wa utawala wa murenge na akagari wabaki kuwa wanachama kama wengine, wasikae meza kuu siku ya mkutano, kwa sababu uwepo wao pale mbele hubadilisha swali la mwanachama kuwa malalamiko dhidi ya Serikali, na wengi hulimeza. Na kabla benki ya ushirika ya taifa haijauza hata hisa moja kwa mwekezaji wa nje, kila mkutano wa murenge upige kura, kura zihesabiwe murenge kwa murenge, na matokeo yabandikwe mlangoni.

Watasema hilo ni ghali. Kukodi viti, kuchapa karatasi na kuitisha mikutano 10 katika wilaya moja mara mbili kwa mwaka kuna gharama yake, na italipwa na wanachama wenyewe kutoka katika faida yao. Basi waulizwe wao kama wako tayari kuilipa, na waulizwe sasa, wakati bado SACCO ya Kanombe ina mkutano mkuu wa kuwaulizia.